Aivi ya rangi mbili ukutani: kuipanda na kuizuia isigeuke kijani kitupu

Watu wakiona aivi, ule mmea wa kutambaa ukutani, yenye kingo nyeupe au moyo wa njano imefunika ukuta wa bustani na majani hayapukutiki mwaka mzima wanaitaka hapohapo, wananunua, wanachimba, wanapanda, afu inapita miaka michache unakuta ukuta umefunikwa vizuri tu ila ni kijani kitupu, ile rangi waliyoilipia imebaki kwenye kona moja huko chini. Kupanda aivi sio kazi, hata ukiichomeka vibaya itaota. Kazi iko kwenye kuitunza ile rangi, na rangi inategemea vitu viwili, mwanga wa kutosha na wewe kuwa na mkasi kila unapoona tawi la kijani. Mengine yote ntayasema pia ila kama una haraka hayo mawili ndo ya kushika.

Kwanza uelewe rangi inatoka wapi, maana ukielewa hapa hutahitaji kukariri sheria. Ile sehemu nyeupe au ya njano ya jani haina klorofili, yaani ile kijani yenyewe inayotengeneza chakula cha mmea, au inayo kidogo sana, kwa hiyo haitengenezi chakula. Kwenye ncha ya tawi kuna tabaka za seli za aina mbili, zenye kijani na zilizopoteza kijani, na tawi linavyorefuka linazibeba zote pamoja ndo unapata jani la mabaka. Sasa mpangilio huo hauko imara sana, inatokea chipukizi linatoka kwenye zile seli za kijani peke yake, na tawi la namna hiyo lina chakula kingi kuliko wenzake kwa hiyo linakimbia, linawapita, linawafunika. Sio ugonjwa wala sio kwamba uliuziwa mche feki. Na ndo maana pia mbegu za aivi ya mabaka hazikupi aivi ya mabaka, unapanda kwa vipandikizi tu.

Kuhusu aina. Ziko nyingi mno na majina yanachanganya, ntataja chache zinazojulikana. Glacier ina majani madogo ya kijani kilichofifia kama majivu na kingo nyeupe, haina papara, inafaa ukuta mfupi. Goldheart, ambayo siku hizi utaikuta pia imeandikwa Oro di Bogliasco, ni kinyume chake, njano iko katikati na kijani pembeni, inanata vizuri ukutani na inapendeza kweli, ila hii ndo inayopenda sana kurudi kijani, kama wewe ni mtu wa kupanda na kusahau iache. Hizo mbili ni Hedera helix, ile aivi ya kawaida. Ukitaka majani makubwa kuna Sulphur Heart ambayo ni ya jamii ya Hedera colchica, jani linaning'inia na lina mmwagiko wa njano katikati, na Gloire de Marengo yenye majani mapana, kijani na krimu pembeni, ambayo inapenda sehemu isiyo na baridi kali. Zenye majani makubwa ni nzito, usiziweke kwenye ukuta wa kwenda kiunoni.

Kama unakaa sehemu ya joto kali mwaka mzima niseme ukweli, aivi itakusumbua. Asili yake ni Ulaya, Afrika ya kaskazini na Asia ya magharibi, inapenda hali ya ubaridi ubaridi, na kwenye joto kali lenye hewa kavu inaungua kingo na kushambuliwa na utitiri. Huko bora uangalie Ficus pumila ya mabaka, mmea mwingine wa kutambaa, nayo inanata ukutani kwa vimizizi vyake, nayo haipukutishi majani, nayo inarudi kijani usipoichunga, kwa hiyo karibu kila nitakachosema hapa kuhusu rangi kinaihusu.

Ukuta kabla ya mmea

Hapa watu wanabishana sana, wengine wanasema aivi inabomoa ukuta, wengine inalinda. Wote wana ukweli wao, inategemea ukuta wenyewe. Vile vimizizi vifupi vinavyotoka upande wa nyuma wa tawi havili simenti wala havinyonyi chakula ukutani, kazi yake ni kushika tu, vinatoa gundi na kuingia kwenye vinyweleo vya tofali. Ukuta mzima hauvipi pa kuingia. Tatizo ni ukuta wenye nyufa, maana matawi ya aivi yanajificha mwanga, yanaingia kwenye ufa, yananenepa humo humo mwaka hadi mwaka na kupanua. Na vimizizi vikikuta udongo na unyevu ndani ya ufa vinaweza kugeuka mizizi kamili. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Oxford walichunguza kuta za zamani zilizofunikwa na aivi huko Uingereza wakakuta majani yanapunguza ukuta kupata moto na kupoa kupita kiasi, na pia yanazuia vumbi na moshi wa magari. Kwa hiyo ukuta mzima unapata blanketi, mbovu unapata adui.

Jinsi ya kujua ni rahisi. Chukua ufunguo au ncha ya bisibisi, kwaruza ule udongo ulio kati ya tofali na tofali sehemu tofauti tofauti, hasa chini karibu na ardhi na juu kabisa. Ukitoka unga kidogo sio mbaya, ila ukichimbika na kumwagika kama mchanga ujue huo ukuta unahitaji fundi kabla ya mmea. Gonga plasta kwa vidole pia, ikilia kama kuna uwazi nyuma basi imeachia, aivi ikiishikilia na upepo ukija inaibandua yote. Ukuta uliopakwa rangi unaweza kupanda ila ujue siku ukiitoa aivi rangi inatoka nayo na zile alama za vimizizi zinabaki, na hapo kupaka upya ndo dawa. Na kama ukuta ni wa jirani, au mnachangia, ongea naye kwanza.

Kama ukuta wako hauaminiki na bado unataka aivi, weka waya au fremu ya mbao ikiwa imeachana na ukuta kama sentimita 5 hadi 10. Ila aivi haijizungushi kwenye kitu kama maharage yanavyofanya, haina hata vikonyo vya kujishika, kwa hiyo kwenye waya utaifunga kwa kamba wewe mwenyewe kila inaporefuka, na matawi yatakayochepuka kwenda ukutani uyarudishe. Inachosha.

Mwanga

Aivi ya kijani tupu inavumilia kivuli kizito, ya mabaka haivumilii, itaishi lakini itafifia na ikishakuwa gizani majani mapya yanatoka na kijani kingi zaidi. Inataka mwanga mwingi ila sio jua la kuchoma. Ukuta unaopata jua la asubuhi kisha kivuli mchana ni mzuri sana, au ukuta ulio wazi juu lakini jua haliupigi moja kwa moja. Ukuta unaopigwa na jua kali la alasiri unababua zile sehemu nyeupe, zinakuwa kahawia na kukauka kama karatasi wakati kijani cha katikati kiko salama, na hapo watu wanadhani ni ukosefu wa maji wanaanza kumwaga ndoo kwa ndoo. Zenye njano katikati zinastahimili jua zaidi kidogo kuliko zenye kingo nyeupe. Sehemu zenye baridi kali nako ukuta unaopigwa na upepo mkavu unakausha kingo vilevile.

Angalia ukuta wako saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni kabla hujachimba. Watu hawafanyi hivi, wanapanda pale palipo na nafasi.

Kupanda

Mche wa aivi ukinunua kwenye kopo mara nyingi sio mmoja. Wauzaji wanachomeka vipandikizi vinne, vitano, hata zaidi kwenye kopo moja ili lionekane limejaa haraka. Utoe, uuloweke kwenye ndoo ya maji kama nusu saa, kisha utenganishe mizizi taratibu kwa vidole na utapata miche kadhaa ya kusambaza kwenye ukuta kwa bei ya mmoja. Ukitenganisha angalia kila mmoja rangi yake, ule wenye tawi la kijani tupu usiuweke, na ule wenye mabaka yaliyokolea vizuri mpe nafasi ya mbele.

Chimba shimo sentimita 30 hadi 45 kutoka ukutani, sio kuubana kwenye msingi. Sababu ni kwamba udongo unaogusana na ukuta ni mkavu kuliko unavyofikiri, ukuta wenyewe unazuia mvua na msingi unanyonya maji, hata mvua inyeshe siku nzima ukichimba pale unakuta vumbi. Changanya mboji au samadi iliyooza vizuri, usiweke mbichi. Aivi sio mchaguzi wa udongo, hata wenye chokaa inaupenda, inachokataa ni udongo unaotuamisha maji, mizizi inaoza. Panda mche ukiwa umelala kidogo kuelekea ukutani. Nafasi kati ya mche na mche kama mita moja inatosha kwa zenye majani madogo, makubwa uongeze.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea na ndo sababu unasikia mtu anasema aivi yangu haitaki kupanda ukuta. Tawi ambalo limeshakua likiwa linaning'inia hewani halitanata tena ukutani. Ukiligeuza uone upande wake wa nyuma utakuta vimizizi vimekauka, vigumu vya kahawia kama nywele za brashi iliyochakaa, hivyo havishiki tena kitu. Kinachonata ni kile kipande kipya laini kinachoota kikiwa kinagusa ukuta, vimizizi vyake bado vyeupe na vimenyooka kutafuta pa kushika. Kwa hiyo ukishapanda usihangaike kuyasimamisha yale matawi marefu ya dukani na kuyagundisha na selotepu. Yakate yabaki mafupi, sentimita 15 hivi, au yalaze chini kwenye udongo sambamba na ukuta na uyabane kwa waya uliokunjwa, kila kifundo, yaani pale jani linapotokea kwenye tawi, kitatoa chipukizi litakalokwenda kuutafuta ukuta lenyewe. Inauma kukata mmea mpya lakini ndo njia. Ukuta mlaini sana kama wa vigae aivi inashindwa kuukamata, tofali za wazi, jiwe au plasta yenye ukwaruzo ndo zenyewe.

Mwanzoni mmea utakaa tu kama haufanyi kitu, uko chini unajenga mizizi. Usiongeze mbolea kwa hasira. Mbolea yenye naitrojeni nyingi inasukuma majani mengi laini ya kijani na kwa aivi ya mabaka hicho ndo usichokitaka. Mboji mara moja kwa mwaka kama matandazo inatosha kabisa. Maji mwaka wa kwanza ndo muhimu, chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili, ikiwa ni kukavu mwagia taratibu hadi chini, ikiwa kuna unyevunyevu acha. Baada ya hapo ikishashika itajitegemea isipokuwa kiangazi kirefu.

Tawi la kijani, hapo usiwe na huruma

Kila baada ya wiki chache pita mbele ya ukuta ukiangalia kitu kimoja tu. Tawi la kijani tupu linajionyesha, ni nene kidogo, majani yake ni makubwa kuliko ya jirani zake na linakwenda mbio. Usikate majani ya kijani moja moja, haisaidii, wala usikate ncha tu maana vifundo vilivyobaki vitatoa kijani tena. Fuata tawi kwa mkono kurudi nyuma, pole pole, hadi ufike lilipochomoza kwenye tawi la mabaka, na ukate hapo hapo, hata ukirudi kifundo kimoja nyuma ndani ya tawi la mabaka ni sawa. Kama tawi mama lote kuanzia chini ni la kijani basi lote linaondoka hata kama litaacha pengo kubwa ukutani, pengo litajazwa. Ukionea huruma pengo la mwaka huu mwaka ujao utakata nusu ya ukuta.

Kuna na kinyume chake, tawi linatoka jeupe tupu au njano tupu. Linapendeza mno na kila mgeni atalisifu ila halina uwezo wa kujilisha, linakula cha wenzake na majani yake yanababuka mapema. Mimi nayaacha mawili matatu kwa ajili ya macho, yakizidi nayakata.

Majani machache yenye kijani zaidi kwenye tawi ambalo bado lina mabaka sio ya kukata, kila jani lina sura yake. Na kwenye baridi baadhi ya aina kingo zinapata uwekunduwekundu, hiyo ni kawaida, joto likirudi unaondoka.

Wadudu

Adui mkubwa ni utitiri mwekundu, hasa ukuta ukiwa na joto na hewa kavu. Ni mdogo mno, si rahisi kuuona ukiwa kwenye jani, utaona majani yamekuwa na vidoti vidogo vya njano iliyopauka kama yamenyunyiziwa vumbi, na kwenye mabaka ni rahisi kudanganyika ukadhani ni rangi yenyewe. Chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya tawi, gonga tawi mara mbili tatu, halafu subiri kidogo. Vidoti vikianza kutembea umempata. Piga maji kwa mpira kwa nguvu upande wa chini wa majani kila siku chache, utitiri unachukia unyevu, mara nyingi hiyo inatosha na kama haitoshi ndo utumie sabuni ya kuulia wadudu. Vidugamba na vidukari nao wanakuja, sabuni hiyohiyo inawatoa, vidugamba vigumu usugue kwa mswaki mzee. Madoa ya kahawia au meusi yaliyozungukwa na duara la njano kawaida ni bakteria, hayo kata majani yenye madoa, yatupe mbali, na acha kumwagilia juu ya majani jioni.

Kupogoa

Ikishafika juu ya ukuta kazi yako inabadilika. Mara moja au mbili kwa mwaka ipunguze, na usiiruhusu iingie kwenye gata, chini ya mabati au vigae, wala kwenye madirisha, acha kama sentimita 30 hivi za wazi. Angalia viota vya ndege kwanza, wanapenda sana humo ndani. Vaa glavu na mikono mirefu, utomvu wa aivi una kemikali inayoitwa falkarinoli na ngozi za watu wengine zinawasha na kuvimba, na ukikata siku kavu lile vumbi la matawi ya zamani linakereketa koo kwa hiyo funika pua. Majani na matunda ni sumu yakiliwa, kama kuna watoto wadogo au mbuzi anayezurura usiache mabaki chini.

Ukiacha bila kukata juu kabisa itafika umri wa kuzaa, hapo inabadilika sura hadi utadhani kuna mmea mwingine umeingia. Majani yanapoteza zile pembe zake yanakuwa ya duara yenye ncha, matawi hayatambai tena, yanasimama kama kichaka kinachotoka nje ya ukuta, yanatoa maua ya kijani njano kisha matunda meusi. Nyuki wanayapenda maua hayo sana kwa sababu yanakuja mwishoni mwa msimu wakati mengine yameisha, kwa hiyo sio lazima uyachukie, ila kile kichaka kina uzito na kinakamata upepo kama tanga. Na ndege wanakula matunda wanapeleka mbegu mbali, zinaota aivi ya kijani huko. Jimbo la Oregon huko Marekani wamepiga marufuku kuuza Hedera helix kwa sababu ilifunika misitu yao, kwa hiyo kama ukuta wako umepakana na msitu au pori kata vichwa vya maua kabla havijafanya tunda, na uangalie sheria za kwenu zinasemaje kuhusu aivi kabla hujapanda.

Vipandikizi na kuitoa kabisa

Vile vipande vya mabaka unavyopogoa usitupe vyote. Chagua tawi changa la kutambaa, sio la juu lenye majani ya duara maana hilo ni gumu kuotesha na likikubali linakupa kichaka kisichopanda ukuta. Kata sentimita 10 hivi lenye vifundo vitatu au vinne, mabaka yawe yameenea kwenye kila jani, sio jani moja zuri na mengine ya kijani. Toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, vifundo viwili viwe ndani ya udongo, funika na mfuko mweupe wa nailoni na weka kwenye kivuli chenye mwanga. Mizizi inatoka baada ya wiki kadhaa, ukivuta kidogo ukaona kinagoma kimeshashika. Kwenye glasi ya maji nako kinaota ila mizizi ya maji inavunjika vunjika ukihamishia udongoni, usiache irefuke sana.

Na siku ukiichoka, au ukuta unahitaji ukarabati, usiivute ikiwa mbichi, itaondoka na plasta na vipande vya tofali. Kata shina lote chini kabisa, utoe kipande cha shina chenye urefu wa kiganja ili uwe na uhakika limekatika kabisa, halafu iache ife ukutani. Majani yanakauka, matawi yanalegea, baada ya miezi kadhaa yanabanduka kwa mkono bila vita. Vimizizi vilivyobaki ukutani visugue na brashi ngumu vikiwa vikavu, na kisiki chini kichimbue chote maana kikibaki kitachipua, na kinachochipua hapo mara nyingi ni kijani.